Msaada wadau: nataka kuzipiga picha taka za plastiki za ziwani studio, nifanyeje zisigeuke tangazo la maji?

BintiNyakato

Wakuu habari za humu. Nina studio ndogo huku Nyakato, Mwanza, kazi zangu za kila siku ni pasipoti saizi, mahafali, watoto wa bethdei na maharusi wanaopita kabla ya kwenda ukumbini. Sasa kuna jambo linanikaa moyoni muda mrefu. Kila mvua kubwa ikinyesha ukienda kusimama pale Mto Mirongo unapoingilia Ziwa Victoria unaona mji mzima umejimwaga pale, machupa ya maji, ndala, yeboyebo, vifuko vya ubuyu na karanga, vyote vinanasa kwenye magugumaji vinakaa hapohapo mpaka upepo uamue pa kuvipeleka. Picha za pale zimeshapigwa nyingi sana, lundo la taka na mtoto kasimama pembeni, mtu anaperuzi kwenye simu anapita haimsimamishi hata sekunde. Ndo nikawaza nizilete hizo taka studio, nizipige moja moja kwa taa kama napiga bidhaa ya mteja, mtu aangaliane na chupa moja tu uso kwa uso asiwe na sehemu nyingine ya kupeleka macho.

Vifaa vyangu ni kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, nina 50mm na ile lenzi iliyokuja na kamera, flashi mbili za stendi na softboksi moja, lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga wa flashi. Bakgraundi ninayo nyeupe na nyeusi.

Nilipokwama ni hapa. Chupa za maji zile zisizo na rangi kwenye nyeupe zinapotea kabisa, kwenye nyeusi zinatoa madoa meupe ya flashi usoni halafu umbo halionekani. Pili, zikitokea vizuri zinakuwa nzuri mno, mdogo wangu aliiona moja akaniuliza hii kampuni gani imekupa kazi. Kwahiyo nashindwa kujua nizioshe au niziache na matope yake. Tatu, kuna rafiki yangu ananishauri ninunue sangara mzima pale Mwaloni nimuingize mfuko wa rambo mdomoni, anasema hiyo ndo itatembea mtandaoni. Moyo wangu unasita ila sababu ya kusita sijaipata vizuri. Naombeni mawazo yenu, na kama kuna mtu ameshafanya kitu kama hiki anielekeze.

FundiMwanga

Dada hongera kwa wazo. Mimi nianze na hiyo chupa maana ndo kazi yangu, napiga bidhaa.

Kitu kisicho na rangi hakipigwi taa usoni. Ukielekeza flashi kwenye chupa, chupa haiwaki, inakuonyesha tu taa yenyewe, ndo hayo madoa meupe. Unachotakiwa ni kuwasha kilichopo NYUMA ya chupa. Fanya hivi, softboksi yako iweke nyuma kabisa inaangalia kamera, halafu mbele ya softboksi katikati gundisha karatasi ya manila nyeusi ambayo ni ndogo kuliko softboksi, ibaki kama pindo la mwanga pande zote nne. Chupa iweke mbele kama mita moja hivi kutoka kwenye manila. Sogeza kamera au zuumu mpaka kwenye fremu uone nyeusi tupu, lile pindo la mwanga liwe nje ya picha. Ukipiga hapo mwanga unapita pembeni unapinda kwenye kingo za chupa na utaona mstari mweupe umeichora chupa yote kuanzia mdomo mpaka kitako, na kila sehemu iliyokunjamana na kila mkwaruzo utatokea. Plastiki iliyokaa ziwani ina mikwaruzo mingi sana kwahiyo hapo ndo utaona tofauti na chupa ya dukani.

Ukitaka kwenye nyeupe geuza, nyuma iwe nyeupe inayojaza fremu tu basi isizidi, halafu pande mbili za chupa simamisha vipande vya manila nyeusi karibu kabisa bila kuingia kwenye picha, kingo zitakuwa nyeusi. Kamera ianze na ISO 100 na tundu la lenzi f/11, stendi ni lazima. Taa ya chumbani zima. Kama softboksi moja haitoshi chukua pazia jeupe la bafuni au shuka jeupe, tundika, flashi ipige kwa nyuma yake, kazi ni ileile.

Kuhusu kuosha, osha kwa sabuni uondoe harufu na uchafu unaotoka wenyewe, usisugue. Ule ukijani wa mwani uliogandia na rangi iliyopauka kwa jua acha, huo ndo utambulisho wake. Na lebo za makampuni zitoe au zigeuze nyuma, vinginevyo watu wataacha kujadili ziwa waanze kujadili kampuni fulani na wewe utaanza kupigiwa simu.

MzeeWaMialo

Binti yangu mimi siyo mtu wa kamera, mimi ni mtu wa mialo, kule mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, nimefanya kazi ya dagaa na sangara kuanzia Kayenze mpaka visiwani Ukerewe. Nimeona swali lako la sangara nikasema lazima nijibu.

Usifanye. Moyo wako umesita kwa haki. Sangara ukimpasua tumbo unakuta dagaa, unakuta furu, unakuta hata watoto wake mwenyewe maana anakula mpaka wenzake, lakini mfuko mzima wa rambo umekaa mdomoni kama ua sijawahi kuuona na nimepasua samaki wengi sana. Ukiutia wewe kwa mkono wako umetunga uongo. Na uongo huo haukai kwenye picha tu, unatoka unaenda kumkuta mama mwenye beseni la sato pale Kirumba, mteja anamwambia samaki wenu wana mifuko tumboni nimeona mtandaoni. Huyo mama ndiye hata siku moja hajatupa chupa ziwani, anaishi kwa hilo ziwa. Utakuwa umempiga mwenzako.

Kama unataka kitu cha kweli kinachoumiza, tafuta nyavu. Watu wa mjini mnaongelea chupa tu, sisi huku kinachotutesa ni timba, zile nyavu za uzi mmoja mwembamba unaong'aa, ni haramu lakini zipo. Ikikatika ikabaki majini haiozi, inaendelea kuvua bila mwenyewe, samaki ananasa anafia humo anaoza, anakuja mwingine. Ukiikuta imetupwa ufukweni imejiviringisha na mifupa na majani ndani yake, hiyo ipige picha utaniambia. Lakini usijibebee tu kwenye bodaboda ukakatiza nayo mjini, utakamatwa nayo wakuulize umeitoa wapi. Nenda kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, wa mwalo husika, waeleze unachofanya, wakupe kwa maandishi au waje nayo wenyewe.

Angalia na maboya. Wavuvi wanafunga machupa ya plastiki na vipande vya ndala kwenye kamba za nyavu vielee, dhoruba ikikata vinazagaa. Chupa ya boya utaijua, shingoni imekwaruzwa na kamba mpaka imepata mfereji. Hiyo chupa ilishafanya kazi mara mbili, mara ya kwanza ilibeba maji ya mtu wa mjini na mara ya pili ikabeba wavu wangu.

Halafu usiingie majini peku kuokota. Kichocho kipo maeneo yote haya ya maji ya kina kifupi yenye majani, vaa mabuti ya mpira na glovu. Mwisho, njoo kipindi cha mbalamwezi. Siku za giza watu wako kwenye dagaa usiku kucha, mchana wamelala au wako kwenye kuanika, hakuna wa kuongea na wewe. Mbalamwezi ikitoka wanakaa wanashona nyavu, hapo utapata maelezo yote.

KindaLaKirumba

Mzee kaongea yote kuhusu samaki. Mimi nataka kutetea watu kwenye picha, maana naona mnaelekea kwenye vitu vitupu. Kule Senegal kuna mpiga picha anaitwa Fabrice Monteiro, alianza mwaka 2013 kutengeneza mavazi makubwa ya takataka na mbunifu wa mitindo, akawavalisha watu akawasimamisha kwenye maeneo yenyewe yaliyochafuliwa, wanaonekana kama mapepo yametoka ardhini kuja kudai kitu. Ukiziona zile picha huwezi kupita. Sisi ziwa letu lina hadithi zake pia, dada unaweza kumshonea mtu gauni la nyavu na machupa ya Mirongo ukampiga hapohapo studio, na wewe maharusi unawajua, unajua kumkalisha mtu na kumpangia gauni.

Ila naomba moja, usinunue plastiki mpya kwa ajili ya hilo gauni. Nimeshaona maonesho ya mitindo ya "mazingira" mtu kanunua vikombe vya plastiki dukani katoni nzima, vikapigwa picha siku moja vikatupwa dampo. Kila kipande kiwe kimeokotwa.

FundiMwanga

@KindaLaKirumba wazo la gauni silikatai ila lina hatari yake, mtu atamwangalia mrembo ataacha kuangalia taka. Huyo Monteiro kaweza kwa sababu nyuso hazionekani kama za mitindo na mahali penyewe panaongea. Studio hakuna mahali, kuna ukuta tu. Kama atafanya gauni basi uso ufunikwe na wavu na taa itoke pembeni kabisa ichore nyuzi, siyo taa laini ya bibi harusi.

Kwa upande wa vitu vitupu kuna Mwingereza Mandy Barker, yeye anachukua vipande vya plastiki vilivyookotwa fukweni anavipanga kwenye weusi, kwa mbali unadhani ni nyota, ukisogea unakuta ni vifuniko na vipande vya midoli. Halafu maelezo ya chini yanakutajia humo ndani kuna nini. Hapo ndo jibu la swali lako la pili dada, uzuri siyo tatizo kabisa. Uzuri unamvuta mtu asogee, maelezo ya chini yanamshika. Tatizo linakuja pale picha ikiwa nzuri halafu haina maelezo.

MwalimuWaBaiolojia

Nimesoma mjadala wote nimefurahi sana. Naongezea upande wa samaki kwa sababu Mzee yuko sahihi ila mtu asije akadhani samaki wa ziwa wako salama na plastiki, hapana.

Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Journal of Great Lakes, samaki walichukuliwa hapahapa Mwanza, sangara 20 na sato 20, wakachunguzwa tumbo na utumbo. Plastiki iliyothibitishwa maabara ilikutwa kwenye asilimia 20 ya kila aina, na huo ndio ulikuwa ushahidi wa kwanza wa maikroplastiki kwenye Maziwa Makuu ya Afrika. Humo kulikuwa na polyethilini, ambayo ndo malighafi ya mifuko na vifungashio, na polyesta ambayo tunaivaa kwenye nguo. Maikroplastiki ni kipande chini ya milimita 5. Yaani siyo rambo mdomoni, ni rambo lile lile baada ya jua na mawimbi kulikatakata mpaka samaki hawezi kulitofautisha na chakula.

Kwahiyo picha ya kweli ya samaki na plastiki ni ya kitu kidogo. Mimi ningefanya hivi, chukua mchanga wa ufukweni kwenye ndoo, weka maji ya chumvi nyingi ya jikoni, koroga, acha utulie. Vipande vyepesi vya plastiki vinapanda juu, unaviokota kwa kibanio cha nyusi. Vipange kwenye sahani nyeusi, pembeni weka dagaa mmoja mkavu. Mtu yeyote wa Mwanza anajua dagaa ana ukubwa gani, hutahitaji rula. Na dagaa ana maana yake hapo, sato na sangara tunawatoa matumbo kabla ya kupika, dagaa wengi tunamla mzima na utumbo wake. Ila maelezo ya chini uandike ukweli, kwamba vipande vimetoka kwenye mchanga wa sehemu fulani, siyo kwenye tumbo la huyo dagaa.

Kingine ambacho wengi hawajui na kinafaa sana kwa picha. Chupa ya maji na kifuniko chake ni plastiki mbili tofauti. Chupa ni PET, nzito kuliko maji, ikiingia maji inazama. Kifuniko ni polyethilini au polypropilini, kinaelea. Ndo maana ufukweni unaokota vifuniko vingi visivyo na chupa, chupa zake ziko chini huko hatuzioni. Nyuzi za nailoni za nyavu nazo zinazama.

BintiNyakato

Wabeja sana wote, sikutegemea majibu haya. Mzee nimekuelewa, sangara nimefuta kabisa na rafiki yangu nimemtumia maelezo yako.

Mwalimu hiyo ya kifuniko kuelea na chupa kuzama imenikalia kichwani. Nawaza tangi la kioo, maji ndani, juu vifuniko vinaelea, katikati rambo limefunguka, chini chupa na wavu. Picha moja inayoonyesha ziwa lote kwa kulikata ubavu. Hilo tangi nalipigaje bila kioo kunionyesha mimi mwenyewe na kamera? Na maji niweke ya bomba au ya ziwani?

FundiMwanga

Kioo kukuonyesha dawa yake ni kitambaa cheusi. Chukua kitambaa kikubwa kisichong'aa, tundika kati ya kamera na tangi, toboa tundu la lenzi tu. Vaa nguo nyeusi na wewe. Kamera iangalie kioo mraba kabisa, ukiipeleka mshazari maji yanapinda picha na kingo zinatoka na rangi rangi. Taa ya kwanza itoke juu ishuke kwenye maji kama jua, hiyo ndo kubwa. Ya pili pembeni, ndogo, ukiihitaji. Mbele usiweke taa yoyote. Nyuma weusi, au ukitaka kijani cha ziwa letu weka manila ya kijani iliyokolea mbali na kioo iwe na ukungu.

Maji jaza jana yake yalale. Maji mapya ya bomba yanatoa vipovu vinaganda kwenye plastiki na kioo, kwenye picha vinaonekana kama soda. Rambo halitakaa katikati lenyewe, litapanda juu, kwahiyo lifunge uzi mwembamba wa ndoano na kijiwe chini kwenye mchanga, uzi hautaonekana. Kulifungua liingize likiwa limeshajaa maji, taratibu, halafu piga kabla halijatulia.

MwalimuWaBaiolojia

Maji ya ziwani yatakupa rangi ya kweli ila mwanga utapotelea humo, changanya kidogo tu kwenye ya bomba. Na hayo ya ziwani yachuje kwa kitambaa kuondoa konokono na majani, yakae kwenye ndoo iliyofunikwa siku 2 kamili kabla hujatia mkono, vijidudu vya kichocho haviishi muda huo bila kupata mtu wa kuingia.

Hilo rambo nalo liwe la kuokotwa. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na bado ufukweni unaokota ambayo imechoka kabisa, inapasuka ukiishika. Mfuko uliochoka vile ukiuandikia chini mwaka wa katazo, mtu ataelewa mwenyewe plastiki inakaa muda gani.

KindaLaKirumba

Ukimaliza usichapishe kwenye fleksi tafadhali. Bango la fleksi ni PVC, plastiki tupu, na haya mabango ya kampeni yakishapita shughuli yanaishia kuezekea vibanda na mwisho wake ni ziwani hukohuko. Chapisha kwenye karatasi nzuri ugundishe kwenye plaiwudi, au kwenye kitambaa cha pamba kama utampata mtu anayechapa.

Na usizipeleke hotelini Capri Point tu. Watu wanaokaa kusubiri na kuangalia wako kivuko cha Kamanga, wanasubiri pantoni na maji yenyewe yako mbele yao, na wengi mkononi wana chupa. Omba kibali pale mapema, lenga Siku ya Mazingira tarehe 5 Juni, wakati huo ofisi nyingi zinatafuta kitu cha kuonyesha na hawatakukatalia kirahisi. Maelezo yawe Kiswahili kifupi, herufi kubwa, kitu kimeokotwa wapi na lini basi.

MzeeWaMialo

Hapo kwenye "wapi na lini" nakazia. Na ukiweka picha ya chupa ya boya au wavu andika pia kwamba ni vya uvuvi, usituonee aibu sisi wavuvi. Tukiona vyetu tumewekwa wazi sawasawa na vya watu wa mjini tutaongea. Ukitulaumu peke yetu hatutakuja kuangalia, ukitusifia tu pia utakuwa hujasema kweli.

BintiNyakato

Sawa Mzee, nitafanya hivyo na nitakuja mbalamwezi hii kupitia kwa BMU, nitakuja na mabuti.

Mpango wangu sasa ni picha chache tu, chupa ya boya peke yake kwenye weusi, wavu wa timba, vipande vya mchangani na dagaa, na tangi. Gauni nimeliweka pembeni kwanza @KindaLaKirumba usinichukie, nikipata wavu wa kutosha nitakutafuta uwe wewe ndo unavaa. Swali la mwisho, fundi vioo wa hapa mtaani ameniuliza kioo cha milimita ngapi, nataka tangi la urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35.

FundiMwanga

Milimita 6 inatosha kwa kimo hicho, aunganishe kwa silikoni ya tangi la samaki siyo ile ya madirisha ya bafuni yenye dawa ya ukungu, na aiache ikauke siku kadhaa kabla ya kujaribu. Mwambie kioo cha mbele achague kisicho na mkwaruzo hata mmoja, taa ya juu itaufichua wote. Likijaa hilo ni lita 60 na kitu, maana yake maji peke yake ni zaidi ya kilo 60, bado mchanga na kioo, kwahiyo liweke kwenye meza ya mbao imara mahali pake pa mwisho ndo uanze kujaza, na nyaya za flashi zipite juu mbali na maji. Usilisogeze likiwa na maji hata kidogo, litaachia kwenye kona.